Kioo Juu ya Ufa

Mwanamkisi binti Mahmud alikivunja kile kioo kwa makusudi, tena mchana kweupe, na asije mtu akakwambia kwamba mkono ulimteleza. Alingoja baba yake atoke kwenda sokoni, akangoja shangazi yake azame jikoni kwenye mikate ya mofa, akautwaa mchi mdogo wa kutwangia iliki, akakigonga. Kililia kidogo tu. Vipande viwili vikaanguka chini, vilivyobaki vikang'ang'ania ukutani. Kisha akaurudisha mchi kinuni, nyuma ya pazia la chumbani mwake, akaketi kitandani.

"Basi," akajiambia. "Nyumba haijengwi, na mimi siolewi."

Hebu nikueleze kilikuwa kioo gani, maana hakikuwa cha kujitazamia uso. Kilikuwa kipande chembamba, urefu wa kidole, kimegandishwa kwa plasta juu ya ufa wa ukuta wa chumbani, ncha moja upande huu wa ufa na ncha nyingine upande ule. Aliyekiweka ni Amini wa Siyu, mji wa kisiwa cha jirani, kijana wa afisi ya ujenzi ya serikali, aliyeletwa Amu, ndio Lamu, mwaka ule wa sitini na sita kuchunguza udongo. Kazi yake ilikuwa kujua mchanga wa mji huu unaweza kubeba mzigo kiasi gani, na nyumba hizi za mawe zimesimamia nini miaka yote hiyo. Ukuta ukisogea hata unywele, ufa hupanuka, na kioo, kwa kuwa hakijui kujinyoosha, hukatika. Kikikaa kizima, ukuta umetulia. Hakuna uganga hapo.

Bwana Mahmud alimkaribisha kwa mikono miwili, kwa kuwa naye alikuwa na haja yake. Amu, mwenye binti humjengea nyumba akiolewa. Mwenye kiwanja hujenga kando, asiye na kiwanja humpandishia ghorofa juu ya nyumba yake mwenyewe. Nyumba ni ya mwanamke, mume ndiye huja. Ndiyo ada, na Bwana Mahmud hakuwa mtu wa kuvunja ada. Mwanamkisi ndiye bintiye wa pekee, na alikuwa ameposwa na Fadhil, muuza vitambaa wa Mombasa, mwana wa Bi Radhiya. Na Bi Radhiya huyu ni dada yake Bwana Mahmud, ndiye aliyemlea Mwanamkisi tangu mamake alipofariki.

Fadhil hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Lakini alikulia nyumba ile ile, akala sahani moja na Mwanamkisi, akapigana naye juu ya mkia wa samaki. Moyo utamgeuzaje ndugu kuwa mume? Mwanamkisi alikuwa amejaribu, akashindwa. Ghorofa ikijengwa, harusi inafuata. Isipojengwa, bwana harusi hana pa kuingia, na Bwana Mahmud si mtu wa kukubali mwanawe apelekwe Mombasa kama mzigo.

Na Amini je? Haya, tufike huko, maana najua ndiko unakotaka.

Amini alikuja na mwenzake Nicodemus, mtu wa bara, mwenye kifua kipana na maneno mengi. Walichimba shimo uani kando ya msingi, wakateremsha bamba la chuma, wakalirundikia magunia ya mchanga, wakatega pembeni kipimo cha mviringo chenye mshale kama saa, kionyeshe ardhi inadidimia kiasi gani. Mwanamkisi alikuwa ndani nyuma ya pazia, kama ipasavyo. Lakini pazia halizibi masikio, wala mdomo. Siku ya pili aliuliza, "Bwana, hiyo saa yenu inahesabu nini?"

Amini alijibu bila kuinua uso. "Inahesabu subira ya ardhi, Bi. Ukiitwika mzigo hushuka kidogo, kisha hutulia. Isipotulia, hapo pana maneno."

"Na mtu? Mtu naye hupimwa hivyo?"

Mshale ulisogea na Amini hakuusoma. Ilibidi Nicodemus amguse bega.

Tangu hapo mambo yakawa yale unayoyajua. Kahawa ilitoka ndani mapema kuliko ilivyohitajika. Macho yao yalikutana mara ya kwanza upepo ulipolipeperusha pazia. Mara ya pili hakukuwa na upepo. Amini alimwambia kwa sauti ya chini kwamba hapati usingizi, naye akamjibu kwamba Siyu na Amu usingizi umepotelea mahali pamoja. Bi Radhiya, ambaye jicho lake halilali, alikwisha toa hukumu yake mbele ya kila aliyetaka kusikia: "Babake ashona makubadhi Siyu. Makubadhi yao tutayavaa, lakini hayaingii chumbani."

Alasiri ya siku ile ya mchi, Amini alikuja na Nicodemus kukisoma kioo kwa mara ya mwisho. Bamvua lilikuwa limekwisha pita, yale maji makubwa ya mwezi mpevu, nayo ndiyo aliyokuwa akiyangojea. Maji yakijaa baharini hupanda pia chini ya mchanga wa mji, na nyumba isiyotulia hujifichua hapo. Fundi alikwisha ambiwa aanze kesho. Chokaa ilikuwa imerundikwa mlangoni.

Walipoingia chumbani, Mwanamkisi akiwa nyuma ya pazia la humo, wa kwanza kuona ni Bwana Mahmud.

"Kimevunjika," alisema. Aliweka kiganja ukutani akakiacha hapo. Bwana Mahmud ni Mwamu wa asili, kwake leo ni yeo, njia ni ndia, nchi ni nti na kuja ni kuya, wala hakuwahi kujisumbua kusema vingine. "Nyumba hii amezaliwa babangu. Sasa yeo yaniambia haitaki mzigo."

Bi Radhiya, aliyekuwa mlangoni na unga mikononi, alishika kichwa na kichwa kikawa cheupe.

"Nilisema mimi. Kuchimbachimba misingi ya watu ni kutafuta balaa. Haya, nti hiyo yaondoka tini ya miguu yetu. Sanduku langu halilali humu."

"Radhiya, ngoja mtu asome."

"Asome nini? Kioo kimekwisha. Wewe bwana wa bara, nishikie sanduku upande huu."

Nicodemus alimtazama Amini, Amini hakumwona. Akainama, akainua, akaguna. "Mama, hii sanduku umeweka mawe?"

"Ni nguo za harusi ya mwanangu. Shika."

Wakateremka nalo ngazi kwenda kwa jirani, Bi Radhiya akitoa amri kila kidato. Bwana Mahmud naye alijifunga shuka vizuri. "Mimi namwendea fundi nimzuie. Na wewe, Bwana Amini, tazama vyema. Nikirudi nipe neno, na neno lako ndilo nitakaloshika."

Kwa kawaida asingewaacha wawili wale chini ya dari moja, hata pazia likiwa limefungwa. Lakini mtu akidhani nyumba inamwangukia, mengi humtoka.

Pazia lilifunguka. Amini alikuwa amepiga magoti, ameokota vile vipande viwili, anavigeuza mwangani.

"Mwanamkisi, umefanya nini?"

"Mimi? Ukuta ndio uliofanya."

"Ukuta ukikivuta kioo hukikata mkato mmoja, na huacha mwanya. Hiki kimepondwa. Kisha tazama hapa." Alitoa rula ya chuma akapima katikati ya alama mbili za penseli alizozitia siku ya kwanza, moja kila upande wa ufa. "Ziko pale pale nilipoziacha." Akakileta kipande puani. "Na kinanukia iliki."

Mwanamkisi alitaka kucheka, akajizuia.

"Basi vyema, umejua. Umenipunguzia maelezo. Baba akirudi mwambie ukuta unasogea."

"Hausogei."

"Mwambie unasogea. Neno moja tu, Amini. Fundi anaenda zake, Fadhil anabaki Mombasa na vitambaa vyake, na wewe unapata nafasi ya kuleta watu wako."

"Niwalete mbele ya nani? Mbele ya mtu niliyemdanganya juu ya nyumba yake?"

"Hatajua."

"Mimi nitajua. Na fikiri mbele kidogo. Unadhani nikisema unasogea, babako atasema basi tusijenge, halafu aketi anywe kahawa? Atakutoa humu kesho. Atahama nyumba aliyozaliwa babake, aiache ioze, na kila mvua ikinyesha atakuwa macho akisikiliza. Kwa uongo wangu mimi."

Hilo Mwanamkisi hakuwa amelifikiria. Nani hufikiria hayo akiwa na mchi mkononi? Lakini mwanamke aliyekwisha kata shauri hageuki kwa sababu ameonyeshwa kosa. Kwanza hukasirika.

"Kwa hivyo wayapenda mawe kuliko mimi."

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje? Mwezi mzima mmepima. Mmepima ukuta, mmepima mchanga, mmepima mpaka maji yaliyo tini ya mchanga. Nyumba hii imeulizwa mara ngapi kama itabeba au haitabeba. Mimi ameniuliza nani?"

Amini alisimama. Mavumbi ya chokaa yalikuwa magotini mwake na hakuyapangusa.

"Nakupenda," alisema. "Nilikwambia kwa macho, sasa nakwambia kwa mdomo. Nakupenda mpaka kazi imeharibika, siku hizi mshale anausoma Nicodemus. Lakini siku nitakayomwambia babako kwamba nitakutunza, ataniamini kwa lipi, ikiwa neno langu la kwanza kwake lilikuwa la uongo?"

"Siku hiyo haitafika. Fundi aanza kesho, Amini. Kesho." Machozi yalikuwa yanamtoka na aliyaacha yatoke. "Toka. Chukua saa yako na mabamba yako, nenda zako Siyu."

"Mwanamkisi."

"Toka, nimesema."

Hakutoka, kwa sababu nyayo zilikwisha anza kusikika ngazini. Mwanamkisi alirudi nyuma ya pazia, akalivuta, akaacha upenyo mdogo wa jicho moja. Hasira ni hasira, lakini jicho lina mambo yake.

Bwana Mahmud aliingia, nyuma yake Bi Radhiya, nyuma yao Nicodemus akihema.

"Nimemkuta fundi ndiani, nimemsimamisha," alisema Bwana Mahmud. "Haya, nipe neno."

Amini alilitazama pazia, mara moja tu. Mwanamkisi alishikilia nguo kwa vidole vyote. Sema, alimwomba moyoni. Sema unasogea, nitakusamehe kila kitu.

"Bwana Mahmud, ukuta haukusogea. Nyumba yako imetulia. Upande wa mbele umekalia kifusi walichojaza wazee baharini, upande wa nyuma umekalia mchanga mgumu. Ule wa mbele ulishuka zamani, ndio ukaleta ufa huu, kisha ukatulia. Jenga upande wa nyuma peke yake, mbele usiongeze mawe. Ardhi itabeba."

"Alhamdulillahi," alisema mzee, na mabega yake yakashuka. Kisha akakumbuka. "Na kioo?"

"Kioo hakikuvunjwa na ukuta."

"Kimevunjwa na nani?"

"Mimi kazi yangu ni ardhi, mzee wangu."

"Hujui, au husemi?"

"Sisemi."

Bi Radhiya alicheka kicheko kikavu. "Atasemaje, naye ndiye aliyekivunja? Wamwona huyu, Mahmud? Amevunja kioo ili ghorofa isijengwe, mwanangu akose mke. Kisha ameogopa, ameyameza maneno yake. Mwadhani sioni pazia hilo linavyocheza?"

"Mama, sisi tuliingia pamoja tukaikuta imevunjika," alisema Nicodemus.

"Wewe nyamaza, ulikuwa na sanduku."

Bwana Mahmud alimgeukia Amini polepole. "Nilikufungulia mlango wangu," alisema. "Nikakuacha na ukuta wa babangu. Je, asemayo dadangu ni kweli? Kama ni kweli, kesho naandika kwa wakubwa wako, na Amu hutatia mguu tena."

Amini hakujitetea. Alisimama tu na vile vipande viganjani, amenyamaza, na ungedhani kweli ni mwizi aliyeshikwa. Mwanamkisi aliona kwamba angenyamaza vivyo hivyo mpaka jahazini, mpaka Siyu, mpaka mwisho wa maisha yake. Alikuwa amekataa kusema uongo kwa ajili yake, na sasa alikuwa akikataa kusema kweli kwa ajili yake. Na yeye alikuwa amesimama nyuma ya nguo.

Akatoka. Ushungi kichwani, mchi mkononi.

"Ni mimi, Baba. Na huu ndio mchi."

Nicodemus aligeuza uso ukutani kwa adabu, akabaki anausoma ukuta.

"Kwa nini?" aliuliza Bwana Mahmud.

"Ili usijenge."

"Mtu hujengewa nyumba akalia?"

"Nyumba naitaka. Umeniambia tangu utoto, nyumba ya mwanamke ni yake, mlango ni wake. Nimengoja mtu aniulize mlango huo nitamfungulia nani. Hakuna aliyeuliza. Fadhil ni ndugu yangu, Baba. Akibisha hodi kama ndugu nitamfungulia hata nikiwa mgonjwa. Kama mume siwezi. Nimejaribu na siwezi."

Bi Radhiya aliketi kitandani. Sauti ilipomtoka haikuwa ile ya kuamrisha sanduku. "Nimekulea mimi. Nimekuogesha kwa mikono hii."

"Umenilea, shangazi, na mama mwingine simjui. Ndio maana sitaki kukudanganya miaka yote ndani ya nyumba moja."

Nje mtu alikuwa akimfokea punda. Bwana Mahmud alichukua mchi kwa bintiye, akaunusa, akauweka kwenye kidaka cha ukutani kama mtu anayeweka kitu cha kuvunjika. Halafu akamwelekea Amini.

"Ulijua ni yeye?"

"Nilijua."

"Ungeniambia ukuta wasogea, ningekuamini."

"Ndiyo."

"Ghorofa isingejengwa, na binti yangu asingeolewa na Fadhil. Na hilo ulilitaka."

Amini aliinamisha kichwa. "Nalitaka mpaka sasa, mzee wangu."

Bwana Mahmud aliutazama ufa, kisha akamtazama yeye.

"Tia kioo kingine," akasema.

Amini alikoroga plasta, nusu ikamwagika. Alipokiweka kioo juu ya ufa, Nicodemus alinyoosha mkono amshikilie mpaka plasta ishike.

"Sio wewe," alisema Bwana Mahmud. "Aliyekivunja ndiye atakayekishika."

Mwanamkisi akasogea. Akaweka kidole upande wake, Amini akaweka kidole upande wake, na ufa ukawa katikati yao. Hawakugusana. Hawakutazamana. Alimsikia akipumua, akahisi plasta ikipata joto chini ya kidole, na joto lile likampanda mpaka masikioni. Alitaka plasta ishike upesi, kwa kuwa baba na shangazi walikuwa wakitazama, na alitaka isishike kabisa. Bi Radhiya alikohoa mara mbili na hakuna aliyemjali.

"Kitasomwa lini?" aliuliza Bwana Mahmud.

"Bamvua lijalo."

"Basi fundi atangoja hilo bamvua. Na wewe ukiya kukisoma, usiye peke yako. Uye na wazee wako wa Siyu."

Kidole cha Mwanamkisi kiliteleza. Kioo kilikaa, plasta ilikuwa imekwisha shika.

"Mahmud," alisema Bi Radhiya.

"Sikusema ndiyo, Radhiya. Nimesema waye niwasikilize. Naweza kuwakatalia, mbele yao ndipo nitakapojua. Na Fadhil nitakwenda Mombasa nimwambie mimi mwenyewe, uso kwa uso."

Alipokwisha sema hivyo alishuka, na Bi Radhiya akashuka kwa ngazi zile zile, na Amini akafungasha vyombo vyake huku Nicodemus akimrudishia kila alichosahau.

Siku zilizofuata Mwanamkisi hakutulia. Alifagia chumba kilichokwisha fagiwa. Kila alfajiri alikitazama kioo kabla hajatazama kitu kingine, na yeye aliyekipiga kwa mchi sasa alimfukuza hata paka asipite karibu na ukuta. Alihesabu bamvua kwa vidole, akakosea, akahesabu tena. Wazee wangekuja? Amini angewaambia nini? Baba angewasikiliza kwa masikio mawili au kwa moja? Hakuwa na wa kumuuliza. Baba alikuwa safarini Mombasa, na Bi Radhiya, ambaye sanduku lake lilikuwa bado kwa jirani, hakuwa amesema naye tangu siku ile zaidi ya salamu na "kula".

Asubuhi moja alisikia sauti za wanaume huko chini barazani, akadhani ni watu wa Siyu wamewahi. Alitoka chumbani mbio, akauvuta mlango nyuma yake kwa nguvu. Walikuwa wachukuzi tu, waliokuja kuihamisha ile chokaa. Aliporudi alimkuta shangazi yake amesimama mbele ya ukuta, ncha ya kanga mkononi, anakipangusa kioo vumbi, taratibu, bila kukigandamiza.

Bi Radhiya hakugeuka.

"Siku nyingine usibamize huo mlango," alisema. "Utakivunja."